Sikio la Nasambu

Haya yote ni kweli. Naapa kwa pensheni yangu, ambayo ni ndogo lakini ndiyo niliyo nayo. Nimeuza mbao pale Riruta Satellite miaka ishirini na sita, na katika muda huo wote sijamdanganya mtu ila mke wangu, daktari, na wateja wa mbao. Ninyi hamumo. Kwa hiyo tulieni niwaeleze habari za Murunga na binti yake, jinsi zilivyokuwa, bila kuongeza hata punje.

Murunga alikuwa mwashi. Alitoka Webuye, akapanga chumba kimoja Kibera, kijiji cha Kambi Muru, kwa mama mmoja wa Kinubi aliyeitwa Mabrouka, Mama Taha kwa wapangaji wake. Mikono yake ilikuwa migumu kiasi kwamba alikuwa anashika sufuria ya uji motoni bila kitambaa, na uji ndio ulioogopa. Mkewe alifariki mapema, akamwachia Nasambu, na mtoto akalelewa nyumbani na shangazi yake, Nasipwondi. Mwishoni mwa 1973 Nasipwondi akamleta Nairobi kwa basi, akamkabidhi kwa baba yake kama mtu anayerudisha kitu alichoazima, akageuza na basi lile lile.

Baada ya wiki mbili ikaja barua. Murunga aliisoma mara moja tu, lakini aliijua yote kwa moyo. Nasipwondi aliandika hivi: kama mtoto amepata shule, akae. Kama hajapata, usimwache chumbani peke yake mchana kutwa huko Kibera, mlete. Kuna watu Eldoret wanatafuta msichana wa kubeba mtoto wao, nao watamlisha na kumvisha.

Msichana wa kubeba mtoto. Nasambu mwenyewe alikuwa bado anabebwa akilala.

Sasa, mwezi huo huo wa Desemba serikali ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Januari, darasa la kwanza mpaka la nne, hakuna karo. Mtoto ni wa taifa, asome. Maneno hayo yalipita Kibera kwa redio moja, na kufika jioni yalikuwa katika kila chumba. Murunga alikuwa juu ya ukuta, mwiko mkononi, aliposikia. Alisema siku ile alipanga mawe mawili bila udongo katikati, kwa furaha, na nyumba ile mpaka leo haijaanguka.

Lakini kutangaza ni kitu kimoja na kiti cha kukalia ni kingine. Madarasa hayakuzaliana usiku ule. Shule za karibu na Kibera zilijaa siku ya kwanza kabla ya saa mbili asubuhi. Mwashi mwenzake akamwambia kuna shule Kawangware, ya mabati, iliyoongeza darasa moja. Watoto hamsini, si hamsini na mmoja. Wanaandikishwa Jumatano.

Na kulikuwa na kipimo. Siku hizo ni watoto wachache waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Ukimwuliza mzazi, anakwambia mtoto alizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka ule ng'ombe wa Khamala alipoingia mtoni. Mwalimu ataandika nini hapo? Kwa hiyo umri ulipimwa kwa mkono. Mtoto anasimama wima, anapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, anashika sikio la kushoto. Akilifikia, ametosha. Asipolifikia, arudi mwaka ujao.

Nasambu alikuwa amepita miaka saba, lakini alikuwa mdogo wa mwili. Kila jioni Murunga alimsimamisha mlangoni na kumpima. Jumapili kidole kilikosa kidogo. Jumatatu kikagusa. Jumanne, Murunga alipotoka kazini, mtoto mwenyewe alimkimbilia uchochoroni na kujipima mbele ya watu, na ncha ya kidole cha kati ikatua juu ya sikio kama inzi. Murunga alikuwa ameshamwomba nyapara ruhusa ya asubuhi moja, akapewa kwa matusi, akashukuru.

Jumanne hiyo hiyo, Mabrouka akamwita mtoto barazani.

"Murunga," akasema, "wewe unataka kumpeleka mtoto kwa serikali na kichwa kama shamba la mihogo?"

"Mama Taha, mimi nywele sijui."

"Najua hujui. Ndiyo maana nakwambia kaa kando."

Mabrouka alikuwa bingwa wa kusuka. Alimsuka Nasambu misuko myembamba kama mistari ya daftari, sitini na kitu, akaikusanya yote juu utosini, akaizungushia uzi mweusi na kuikaza kwa mafundo, ikasimama kama kichuguu. Majirani walikuja kutazama. Nasambu alilala usiku huo kifudifudi, uso kwenye mkeka, asiiharibu.

Hakuna hata mmoja pale aliyewahi kumpeleka msichana mdogo kuandikishwa shule. Nawaambia hivyo ili msije mkawacheka.

Asubuhi waliondoka giza halijaisha, wakapanda hadi barabara ya Ngong, wakapita Dagoretti Corner kwa miguu, na kufika Kawangware jua likiwa limetoka. Foleni ilikuwa imeshazunguka shule na kuanza kujikanyaga mkia. Ilikuwa ndefu kiasi kwamba baba mmoja alijiunga nayo na mtoto ambaye mkono haukufika, na alipofika mbele ukafika. Murunga alihesabu vichwa. Alikuwa wa arobaini na moja. Akahesabu tena, akapata thelathini na tisa. Hata hivyo alikuwa ndani ya hamsini.

Mlangoni kulikuwa na meza. Aliyeketi na daftari ni mwalimu mkuu, Bwana Shivachi, mtu wa miwani na maneno machache. Aliyesimama na kupima watoto ni mwalimu wa darasa la kwanza, Bi Muthoni, kijana wa wakati huo, sweta lake limefungwa vifungo vyote. Aliwashika watoto mabega, akawanyosha, akasema "mkono." Waliofika waliingia. Wasiofika walitoka na wazazi wao kupitia upande wa jiko.

"Thelathini na tisa," Bwana Shivachi akasema.

"Mkono," Bi Muthoni akasema.

Nasambu akapitisha mkono. Ukapanda mlima ule wa Mabrouka, ukafika kileleni, ukaanza kushuka upande wa pili, na huko njiani ukaisha. Kidole kilikuwa hewani, mbali na sikio kwa upana wa vidole viwili.

"Vuta," Murunga akasema.

"Mzee, usimsaidie."

Mtoto akavuta mpaka bega likapanda. Bi Muthoni akalishusha bega polepole.

"Mwaka ujao," akasema.

"Mwalimu, huyu ana saba. Kabisa. Jana alifika."

"Kila mtoto hapa alifika jana," Bi Muthoni akasema. Hakusema kwa ubaya. Bwana Shivachi akaita bila kuinua kichwa. "Anayefuata, thelathini na tisa."

Murunga akajikuta upande wa jiko, ameshika mkono wa mtoto, anatazama ukuta. Aliniambia baadaye kwamba alichoona kwenye ukuta ule ni basi la Eldoret.

"Baba," Nasambu akasema, "nyumbani nilikuwa nafika."

"Najua."

"Hapa kichwa ni kirefu."

Murunga akamgeukia. Akakitazama kichwa kile kama mwashi anavyotazama ukuta uliopinda. Akaweka kiganja juu ya kichuguu, akakibonyeza. Hakikubonyea. Uzi wa Mabrouka ulikuwa umekazwa kama nyaya. Akajaribu fundo kwa kucha, kisha kwa meno. Misuko sitini. Kuifumua ilikuwa kazi ya nusu siku, na nyuma yake sauti ya Shivachi ilikuwa imeshafika arobaini na moja.

Alimbeba mtoto akakimbia. Kinyozi alikuwa njia ya pili, kibanda chenye picha ya kichwa kilichochorwa nusu. Mlango ulikuwa na kufuli. Muuza mkaa wa jirani akamwambia, "Unamtafuta Wakarima? Ameenda kuandikisha mtoto."

Murunga akarudi mbio, akaipita foleni akiuliza mtu kwa mtu, mpaka akampata: mtu mnene, amemshika msichana wake aliyenyolewa kichwa kinang'aa, bila wasiwasi wowote duniani.

"Wewe ndiye kinyozi?"

"Leo ni mzazi," Wakarima akasema.

"Ninyolee huyu."

"Nikitoka hapa, nafasi yangu unanishikia wewe? Angalia nyuma." Murunga akaangalia nyuma. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyetabasamu. "Siwezi kutoka. Lakini chukua ufunguo. Mashine iko kwa droo, imefungwa na gazeti. Usiguse kitu kingine, najua vitu vyangu vyote."

Murunga akamwacha Nasambu pale pale kando ya kinyozi, akaenda na kurudi kwa kasi ambayo nikiwaambia hamtaniamini, basi sisemi. Alirudi na mashine ya kunyolea, ile ya kuminya kwa mkono, na Shivachi alikuwa amefika arobaini na tano. Mbele ya Wakarima walibaki watoto wawili.

Wakarima akaanza. Kwanza akakata kichuguu kwenye shina, kikaanguka mchangani kizima. Nasambu akakitazama.

"Haboba atanipiga," akasema. Hivyo ndivyo watoto wa Kibera walivyowaita nyanya wa Kinubi.

"Hakupigi. Nitamwambia ni mimi," Murunga akasema.

"Atakupiga wewe."

"Sawa."

Mashine ikala upande wa kulia. Foleni ikasogea hatua moja, wakasogea nayo, kinyozi akinyoa huku anatembea. Ndipo mama aliyekuwa nyuma ya Wakarima akaingiza kiwiko katikati. Aliitwa Nafuna, muuza omena, dagaa wa ziwani, na alikuwa na mvulana wake mkononi.

"Nyinyi wawili, mnafikiri mimi sioni? Kunyoa ni kunyoa, kuingia ni kuingia. Huyu mzee ameshapimwa, akashindwa. Laini iko huko nyuma."

"Mama, alishindwa kwa sababu ya nywele," Murunga akasema.

"Hiyo nywele nimemsukia mimi?"

"Mtoto wangu akikosa leo, anaenda kubeba watoto wa watu Eldoret."

"Na wangu akikosa anaenda wapi, ulaya?"

Waliokuwa nyuma wakacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa upande wa Murunga. Mtu mmoja akasema atolewe. Mwingine akasema aitwe mwalimu. Shivachi akaita arobaini na sita, foleni ikasogea. Nasambu alikuwa amenyolewa nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado imesukwa.

Hapo Wakarima, bila kusimamisha mashine, akamtazama yule mvulana wa Nafuna. Mtoto alikuwa na nywele nyingi, zimechanwa juu kwa mtindo wa wakati ule, mviringo kama mzinga.

"Mama," kinyozi akasema, "huyu wako umempima na hizo nywele?"

Nafuna akamgeukia mtoto.

"Weka mkono."

Mvulana akaweka mkono. Nywele zikaurudisha juu. Kidole kikachezacheza hewani.

Nafuna aliangalia mbele, akaangalia mashine, akaangalia mbele tena. Aliniambia mwenyewe kwamba katika maisha yake hajawahi kufanya hesabu haraka vile.

"Ingia," akamwambia Murunga. "Simama hapa mbele yangu. Lakini akimaliza huyo msichana, mashine inakuja kwa wangu, na nikikosa nafasi kwa sababu yako nitakuja mpaka Kibera na hii omena niimwage mlangoni kwako."

Habari ya nywele ikashuka foleni kama moto kwenye nyasi. Mama mmoja nyuma akatoa mkasi wa kushonea. Mzee mwingine akaanza kumlowesha mwanawe kichwa kwa mate. Mimi nilikuwa hapo karibu, niliona.

"Arobaini na nane," Shivachi akasema. Huyo alikuwa binti wa Wakarima, mkono ukafika, akaingia, na baba yake akabaki pale mlangoni, mashine bado inalia kichwani kwa mvulana wa Nafuna.

"Arobaini na tisa."

Bi Muthoni akamwona Nasambu. Kichwa chake kilikuwa na mabaka, huku kimeparazwa, huku vishungi viwili vimesahaulika karibu na kisogo. Nywele fupi zilikuwa mabegani na puani. Mwalimu akatazama chini, akatazama juu, akamtambua.

"Huyu alishapita hapa."

"Ndiyo, mwalimu," Murunga akasema. "Alipita na nywele."

Bwana Shivachi akainua kichwa kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Kalamu ikasimama. Kitu pekee kilichosikika ni mashine ya Wakarima.

"Mpime," akasema.

Bi Muthoni akamshika Nasambu mabega, akamnyosha. "Mkono."

Mkono ukapanda. Ukapita juu ya kichwa kitupu bila kizuizi. Ukashuka. Na hapa ndipo nataka mnisikilize: kidole cha kati kilifika kwenye sikio, kikalishika, kikalipita, kikafika kwenye taya, na mtoto akajikuna shingo. Naapa. Watu walipiga makofi. Bi Muthoni akasema "ametosha," Shivachi akaandika, na Nasambu akaingia ndani bila kugeuka nyuma. Murunga akabaki ameshika hewa mahali mkono wa mtoto ulipokuwa.

Hamsini alikuwa mvulana wa Nafuna, nusu kichwa. Alifika pia.

Kisha Bwana Shivachi akafunga daftari. Wa hamsini na moja alikuwa mtoto mwenye sweta la kijani, nywele zake fupi tangu nyumbani, na mkono ulikuwa unafika vizuri. Baba yake aliuliza kama kuna nafasi moja tu. Shivachi akasema hakuna dawati. Yule mtu hakugombana. Alivaa kofia, akamshika mwanawe mkono, wakaondoka kwa njia ya Satellite.

Hadithi hii nimeisimulia mara nyingi, na ilikuwa inaishia hapo, watu wakiwa wamefurahi. Lakini mwezi uliopita niliisimulia hapa Kawangware, katika hoteli ya Wambua ya chai na maandazi, kwa wastaafu wenzangu. Nilipofika kwenye kujikuna shingo, mama mmoja mwenye mvi aliyekuwa meza ya pembeni akaweka kikombe chini.

"Hakufika," akasema.

"Nani hakufika?"

"Huyo msichana. Hata alipokuwa amenyolewa. Alibakisha kiasi cha punje ya mahindi."

Nikamwambia, mama, mimi nilikuwepo.

"Na mimi nilikuwepo. Ndiye niliyemshika." Akanyosha mkono kunisalimu. "Muthoni. Nilifundisha pale mpaka mwaka jana."

Hoteli nzima ikanigeukia. Wambua mwenyewe akaacha kukanda unga.

"Mtoto alikuwa amevuta pumzi, ameizuia," Bi Muthoni akasema. "Nilisikia moyo wake mgongoni, ukipiga mkononi mwangu. Baba yake hakuwa akitazama mkono, alikuwa akinitazama mimi. Nikaweka kidole gumba nyuma ya sikio, nikalisukuma mbele mpaka likakutana na kidole chake. Kisha nikasema ametosha."

"Na Shivachi hakuona?" mtu akauliza.

"Aliona. Aliandika." Akanywa chai kidogo. "Niliwaza sana kuhusu yule aliyekuwa nyuma. Yule wa sweta la kijani. Sijui alienda wapi."

Pale kwa Wambua tuna sheria yetu. Akishikwa mtu na uongo mbele ya watu, ananunulia chai wote waliomo, wakae au wasimame. Wazee wakaanza kugonga meza kwa vijiko. Nikainua mikono. Nikasema sawa, nimeshikwa, Wambua, weka sufuria kubwa.

"Lakini wewe ulikuwa wapi siku hiyo?" Bi Muthoni akaniuliza. "Ulikuwa umeleta mtoto?"

Mwanangu alianza darasa la kwanza mwaka uliofuata, shule nyingine. Mwaka ule mmoja alishinda nami kwenye mbao, akipanga vipande vya mbao vifupi kwa vifupi na virefu kwa virefu, na hakuwahi kuniuliza kwa nini alirudi siku ile. Sasa ni mtu mzima, ana kazi, hana kinyongo na mtu. Miaka yote hii nilikuwa nimejiambia kwamba msichana yule alifika, alifika mpaka akapitiliza, hivyo hakuna aliyechukua kitu cha mwingine.

"Hapana," nikamwambia. "Nilikuwa napita tu."

Hakuna aliyegonga kijiko. Uongo huo haukushikwa na mtu. Lakini Wambua alipoleta chai, nilimwambia aongeze maandazi, mawili mawili kwa kila mtu, na ya Bi Muthoni yawe matatu. Wazee wakanishangaa, maana sheria yetu haina maandazi.